Tonge la Mkono wa Mwingine

Nilipofika Maskati, mwishoni mwa miaka ya tisini, karatasi zangu zilisema mimi ni Mkristo. Sikuandika mimi. Wakala wa Dar es Salaam aliniuliza, "Dini?" nikasita, na kwa kuwa alikuwa na foleni hadi nje na feni yake ilikuwa imekufa, hakungoja jibu. Nilipomweleza kwamba Jumamosi sifui, sipiki wala sipigi pasi, alicheka akasema, "Si useme tu kwamba wewe ni Msabato?" Nikajibu ndiyo. Sijawahi kusema ndiyo nyepesi kuliko ile, wala iliyonielemea muda mrefu zaidi.

Mimi ni Myahudi. Watu wakisikia hivyo hunitazama nywele, kisha uso, kisha huniuliza kama natania. Sitanii. Wazee wa baba walitoka Yemeni na biashara ya ngozi, wakapanda kutoka pwani kidogo kidogo mpaka Arusha, na ngozi zilipokosa soko wakabaki huko huko. Mama alikuwa mtoto wa binamu yake baba, maana hatukuwa wengi kiasi cha mtu kuchagua. Majirani walituita Washihiri, kama walivyowaita Wayemeni wote, na baba hakuwasahihisha. Alikuwa akisema mtu akikosea mwenyewe ni shauri lake, ila wewe usimkoseshe. Kumdanganya mtu ili akupe wema ambao asingekupa kama angejua ukweli ni wizi, tena mbaya kuliko wizi wa kuku, kwa sababu kuku anaweza kurudishwa.

Tulikuwa nyumba tatu tu. Dini yetu ina sala ambazo hazisomwi mpaka watimie wanaume kumi, na Arusha hawakutimia hata siku moja. Mwaka mmoja walikuja wageni kutoka Nairobi, wakafika wanane, na baba akatoka mlangoni akatazama barabara juu na chini, kana kwamba wawili waliobaki wangetokea na baiskeli. Hawakutokea. Basi baba, aliyekuwa fundi wa vyerehani na mtu wa kutengeneza kwa vipuri vilivyopo, akatulea kwa yale ambayo mtu anaweza kuyafanya peke yake: shukrani za asubuhi, baraka za mkate, mishumaa miwili ya Ijumaa jioni nyuma ya pazia. Nilikua nikidhani hiyo ndiyo dini yenyewe, dini ya mtu mmoja mmoja, na nilipokwenda Uarabuni sikuona taabu kuifunga pamoja na nguo zangu.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa amevunjika nyonga. Aliishi na mwanawe, mtu wa wizara, na mkazamwana wake, mwalimu, katika fleti ya ghorofa ya tatu huko Al Khuwair. Asubuhi hao wawili waliondoka na magari yao, nikabaki na Bibi mpaka alasiri. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko, pamoja na mashine ya kufulia, na dirisha lake lilitazamana na viyoyozi vya jengo la pili. Hawakuwa watu wabaya. Naandika hivyo mapema kwa sababu watu hupenda kusikia habari za wanawake wa kazi walionyimwa chakula, na mimi sikunyimwa chochote. Nilikuwa mpweke tu. Kuna siku zilizokwisha bila mtu kulitaja jina langu. Jumatano jioni, wenyewe wakianza mapumziko yao ya Alhamisi na Ijumaa, mimi niliketi juu ya ndoo iliyofunikwa nikisikiliza mashine ikizunguka, na mara nyingine nililia bila sababu ninayoweza kuieleza.

Kilichoniinua kitandani ni yale maneno ya asubuhi. Ukifumbua macho, kabla mguu haujagusa sakafu, unamshukuru Mungu kwa kukurudishia roho yako, na unamwambia kwamba imani yake ni kubwa. Utotoni nilimuuliza baba, imani ya Mungu kwa nani? Si sisi ndio tunaopaswa kuwa na imani? Baba akaweka bisibisi chini. "Jana ulimkabidhi roho imechoka, ina kutu," akasema. "Angeweza kubaki nayo. Mimi cherehani iliyokwisha simrudishii mtu, namwambia akauze chuma. Akikurudishia asubuhi, basi ana imani na wewe. Ana kazi na wewe leo." Huko Al Khuwair niliyasema maneno yale kwa kunong'ona, adhana ya alfajiri ikiwa inaisha, na si kila siku niliyasema kwa adabu. Kuna asubuhi nilimuuliza Mungu, kazi gani hiyo uliyonirudishia roho kwa ajili yake, kubadilisha shuka? Lakini niliinuka. Mtu akiaminiwa huinuka, hata kama amenuna.

Na kuna baraka moja ambayo wageni wakiisikia hucheka: ile ya kutoka msalani. Tunamshukuru Mungu kwa kuuumba mwili na matundu yake na mirija yake, maana mmoja tu ukiziba, au ukiachia pasipopaswa, mtu hasimami hata saa moja. Mimi na kaka yangu tuliichekea utotoni mpaka tukachapwa. Lakini ukimshika mtu mzima kumpeleka chooni mara sita kwa siku huichekei tena. Bibi aliona haya sana mwanzoni. Aligeuza uso ukutani akasema, "Nimekuwa mzigo, mwanangu. Nnatia kinyaa." Sikuweza kumwambia maneno yangu yanatoka wapi, nikamwambia tu kwamba baba yangu alitufundisha kushukuru kwa jambo hili kama tunavyoshukuru kwa chakula. Akaugeuza uso kutoka ukutani. "Nyie Wasabato mna maneno," akasema. Tangu siku hiyo kila akimaliza alisema alhamdulillahi kwa sauti, nami nikasema yangu moyoni, tukarudi kitandani tumeheshimika wote wawili.

Heshima niliipenda, nakiri. Nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hakuna anayejua kwamba anacho. Mgeni mmoja, mama wa ukweni, alinitazama nikimimina kahawa akauliza, mbele yangu, kwa Kiswahili, "Huyu kasoma, au ndo hivi hivi?" Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tunafundishwa kwamba kumwaibisha mtu mbele za watu ni sawa na kuimwaga damu yake, kwa kuwa uso huiva kisha ukapauka. Basi nilimhukumu yule mama kuwa muuaji, nikaosha vikombe vyake kwa raha kabisa. Tunafundishwa pia kwamba kila mtu anapaswa kusema, dunia iliumbwa kwa ajili yangu. Hilo nililisema kila siku nikipiga deki, na liliniweka wima. Baba alikuwa akiongeza, "Na yule usiyempenda naye aseme hivyo hivyo," lakini sehemu hiyo niliiacha Arusha.

Bibi alikuwa na matumaini kwamba siku moja nitasilimu. Nguruwe sikugusa, kamba sikula, kichwa nilifunika, na kabla ya mkate nilinawa nikanong'ona kitu. "Umebakia kidogo tu, mwanangu," alikuwa akiniambia, akibana vidole viwili kunionyesha udogo wa hicho kilichobaki. Nilicheka naye. Mara nyingine nilitamani kumweleza. Lakini miaka ile televisheni ya sebuleni ilikuwa na habari za vita kila jioni, neno Yahudi lilitajwa mara nyingi, na halikutajwa kwa wema. Jioni moja mwanawe alitupa rimoti kwenye kochi akasema, "Mayahudi hawa!" Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la kahawa. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko neno lenyewe. Nilimmiminia kila mtu, kisha nikarudi chumbani kwangu.

Baba alikufa mwaka wangu wa nne.

Habari niliipata Jumatatu. Kaka yangu alipiga simu ya nyumbani saa nne asubuhi, wenyewe wakiwa kazini, nilipokuwa nimemaliza kumwogesha Bibi na kabla sijanywa chai. Simu za Arusha wakati huo zilikuwa na mwangwi, kila neno ukilisikia mara mbili. Akaniambia baba alijilaza jana mchana hakuamka, na wamemzika asubuhi hii, maana sisi nasi hatuchelewi kuzika. "Tulikuwa wanaume wanne," akasema. Kisha akasema, "Tafuta mtu wa kukulisha," na laini ikakatika.

Asiyetujua ataona maneno hayo ni ya ajabu. Kwetu mfiwa hali chakula chake mwenyewe siku anayoanza msiba. Mlo wa kwanza lazima utoke mkono wa mwingine, jirani, rafiki, mtu yeyote, na aghalabu ni yai la kuchemsha au dengu. Jua likizama na nyota zikitoka, siku hiyo imekwisha, na unaweza kula chako, kwa sababu sheria haikukusudia kumuua mtu kwa njaa. Lakini ule mlo wa mkono wa mwingine ndio umepita, na haurudi tena. Bibi yangu mzaa baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na namkumbuka baba ameketi sakafuni hajatia kitu kinywani, mpaka jirani yetu Mmeru alipoingia na bakuli, bila kujua sheria yoyote, akamwambia ale. Ndipo alipokula.

Nilisimama pale kwenye simu na nikaelewa jambo ambalo baba hakuwahi kulitamka. Nilikuwa nayo dini yote ya mtu mmoja, na hiki kilikuwa kitu kisichofanyika na mtu mmoja. Nami nilikitaka. Nilitaka mtu mmoja katika mji ule wote ajue kwamba nimefiwa, anitie kitu mkononi, aniambie kula. Nilikuwa na muda mpaka nyota zitoke.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Bibi papo hapo. Nilikwenda hadi mlangoni kwake. Lakini nilijua kitakachofuata. Mwanawe, kwa wema wake, angewatafuta Wasabato. Alimfahamu nesi mmoja wa Kitanzania wa dhehebu hilo, angemwita, naye angekuja na wenzake, watu wazuri, kuniimbia nyimbo za dini ambayo baba hakuwa nayo. Kuishi ndani ya uongo ule niliweza. Kumlilia baba ndani yake sikuweza. Nikageuka mlangoni nikaenda chumbani, nikachukua mkasi nikaikata blauzi yangu upande wa kushoto, juu ya moyo, kisha nikaipasua kwa mkono, kama inavyompasa aliyefiwa na mzazi. Nikajitanda khanga juu yake. Kioo changu kidogo nikakigeuza ukutani, maana mfiwa hajitazami. Halafu nikarudi kwa Bibi, kwa kuwa mgonjwa hangoji matanga, ila badala ya kiti nikakaa sakafuni juu ya mkeka.

"Joto?" akauliza.

"Kidogo, Bibi."

Maji nilikunywa, jikoni, maji hayakatazwi. Lakini kufika mchana tumbo lilikuwa likinguruma na akili imeanza kupanga ujanja. Bibi hakuwa mtu wa kumaliza chakula. Kila siku alikula nusu, akanisogezea sahani: "Haya, mwanangu, maliza wewe." Tangu nilipoingia nyumba ile jambo hilo lilikuwa likiniudhi, nikijiona nalishwa mabaki. Siku hiyo nikachemsha mayai mawili, nikampakulia na wali na mchuzi, nikaketi chini nikiyangojea mabaki yangu kwa hamu. Alikula yai moja. La pili akaligusa kwa kidole. Akanitazama mimi, akatazama yai, akatabasamu kidogo, kisha akaisogeza sahani upande wa ukutani.

"Ondoa, mwanangu. Katie frijini."

"Hulitaki yai, Bibi?"

"Nimeshiba mie."

Nilitaka kusema, basi nipe mimi. Kuomba hakukatazwi. Lakini ulimi haukuinuka. Nikaichukua sahani, nikasimama jikoni na lile yai mkononi, nikamkasirikia mwanamke mzee asiye na kosa. Miaka yote hii ananipa mabaki nisiyoyataka, na siku moja ninapoyataka ananinyima! Nilimkasirikia na kaka yangu kwa kukatikiwa na simu, na baba kwa kufa Jumapili. Yai nikalirudisha frijini.

Ghorofa ya chini alifanya kazi msichana mmoja wa Iringa, tukisalimiana ngazini. Bibi aliposinzia nilitoka mara mbili nikasimama juu ya ngazi nikisikiliza kama mlango wake utafunguka. Mara ya pili ulifunguka. Akatoka na mfuko wa taka, akaniona.

"Mambo, dada? Mbona umepauka hivyo?"

"Usingizi tu," nikamjibu.

Akateremka zake. Ndivyo nilivyo. Naililia dunia inipe mkono, na ikininyoshea nauficha wangu mgongoni. Nilirudi ndani, nikafunga mlango, nikajaribu kusema kwamba dunia iliumbwa kwa ajili yangu. Kwa mara ya kwanza maneno yale niliyasikia kama ya mtu aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba kubwa.

Alasiri wenyewe walirudi, wakala, wakabadilisha nguo, wakatoka tena kwenda Matrah kununua vitu vya harusi ya jamaa yao. Safari ya soko la Matrah haikuwa na kurudi kabla ya Isha, hilo nililijua. Mkazamwana aliniaga kwa kuniambia nisisahau dawa ya presha ya Bibi. Sikusahau. Nilipompa na maji, Bibi alinishika kiganja.

"Leo hukunywa hata chai," akasema.

"Sili leo, Bibi."

"Nnajua. Leo si Jumatatu?"

Sikuelewa Jumatatu ina nini, wala sikuwa na nguvu za kuuliza. Nilimwacha kitandani na tasbihi yake, nikaenda kukaa sebuleni, sakafuni, nikitazama jua likishuka nyuma ya majengo ya wizara na ile milima ya mawe isiyo na hata jani moja ikigeuka rangi. Nilikuwa nimekata tamaa. Niliwaza kwamba baada ya nusu saa nitaingia jikoni, nitakata mkate wangu, nitakula nimesimama, na mambo yatakuwa yamekwisha. Nilimwomba baba radhi. Nilimwambia nilitafuta mtu, kisha nikamwambia si kweli, sikutafuta.

Adhana ya Magharibi ikaanza. Ilipokwisha nikasikia fremu ya chuma ya Bibi ya kutembelea ikigonga sakafu. Hakuwa na ruhusa ya kuinuka peke yake, na nilikuwa nimeshaanza kuruka kumkimbilia alipotokea mlangoni, anahema, ushungi umemwangukia shingoni. Kwenye kikapu cha fremu alikuwa ameweka kisahani chenye tende tatu, zile alizozificha kando ya kitanda chake na mwanawe asijue, kwani alikatazwa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Akachukua moja akaniwekea kiganjani.

"Futuru, mwanangu," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Umefunga Jumatatu ya sunna ukanificha. Mie nimekuona tangu asubuhi. Ndo maana yai sikukupa, nisije nikakutia majaribuni. Nilikwambia umebakia kidogo."

Basi hilo ndilo lilikuwa tabasamu lake la mchana: alidhani nimefunga ile saumu ya hiari ya Jumatatu, kama Waislamu. Nikaishika ile tende. Ilikuwa ndiyo hasa niliyoingoja tangu saa nne: chakula, kutoka mkono wa mwingine, na nje mbingu ilikuwa bado na mwanga. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kutafuna. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile. Lakini furaha iliyokuwa usoni mwa Bibi haikuwa yangu. Alikuwa akimpa mtu mwingine, mtu ambaye hayupo. Nikiila, mlo wa kwanza wa msiba wa baba utakuwa wa wizi, tena ule wizi wenyewe alioukataza. Nikisema, huenda nikaikosa tende, na kazi, na chumba.

"Bibi, sikufunga," nikasema. "Baba yangu amekufa. Wamemzika leo asubuhi."

Akaegemea fremu yake.

"Kwetu mfiwa hali chake, anangoja kulishwa. Na mimi si Msabato, Bibi. Niliwadanganya. Mimi ni Myahudi. Baba yangu alikuwa Myahudi, na baba yake."

Uso wake ulibadilika. Ningependa kuandika kwamba haukubadilika. Alitazama mlango wa nje, akatazama televisheni iliyokuwa imezimwa, kisha akanitazama mimi. Akanyosha mkono, akaichukua ile tende kiganjani mwangu, akairudisha kwenye kisahani. Nikajua nimefukuzwa. Nikaanza kuwaza sanduku langu limekaa wapi.

"Lini kafa?" akauliza.

"Jana mchana."

"Na khabari umeipata saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa nne!" Sauti yake ilipanda mpaka ikakwaruza. "Tangu saa nne u nami nyumba moja, wanilisha, wanipeleka choo, babako kafa, na hunambii? Wanionaje mie, mwanangu? Mie jiwe?"

Miaka yote ile nilijihesabu kuwa mimi ndiye nisiyeonekana katika nyumba ile. Haikunipitikia hata siku moja kwamba na yeye alikuwa akiishi na mtu asiyemwona.

Alipangusa uso kwa ushungi. "Na hilo jengine," akasema kwa sauti ya chini, "mwanangu asilijue. Na mie usinirejelee. Nshasikia." Akakitazama kisahani, akihema. "Tende nilikupa ya futari, nawe hukufunga. Kwenu mfiwa hupewa nini?"

"Yai, Bibi. La kuchemsha. Lipo lile la mchana."

"Lile umelipika wewe. Halifai."

Akaigeuza fremu kuelekea jikoni. Tangu alipovunjika, mwanawe alikuwa amemkataza jiko. Ilikuwa miaka hajawasha gesi. Nikainuka nimshike.

"Kaa!" akanikaripia. "Mwenye msiba hawashi moto. Hata kwetu ni hivyo, hebu kaa chini."

Nikakaa. Nikamsikia akifungua droo ya kwanza, siyo, ya pili, siyo. Nikasikia kibiriti mara tatu. Nikasikia maji yakiingia kwenye sufuria na mengine yakimwagika sakafuni, nikaomba asiteleze. Mbingu dirishani ilikuwa ikiingia kiza, na sala yake ya Magharibi nayo ilikuwa haijasaliwa, na wakati wake ni mfupi kama ulivyokuwa mfupi wangu. Nikasikia kiti kikivutwa, kisha takbira. Alisali amekaa, pale jikoni, kando ya sufuria, na yai langu likachemka kwa muda wa rakaa tatu. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza siku ile, nikimwita baba.

Alirudi polepole. Yai lilikuwa kwenye kikapu cha fremu, juu ya kitambaa cha vyombo, amelimenya lakini vipande vya ganda bado vimeng'ang'ania. Akanitia mkononi. Lilikuwa moto sana.

"Kula," akasema.

Sikuinuka kwenda dirishani kutazama kama nyota zimetoka. Nikaling'ata. Ndani lilikuwa bado bichi, kiini kikanichuruzika kidevuni, na Bibi akainama juu ya fremu yake, akavuta ncha ya ushungi, akanipangusa, akasimama pale akingoja nimalize.